Mkwiro Uliobaki Nyuma ya Mlango

"Mjomba Raif, Sunay akiingia uwanjani, utampigia ngoma?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nimesimama uani kwetu, naye yuko juu ya paa letu, anabadilisha vigae vilivyopasuliwa na barafu. Watu wazima wote wa kijiji chetu cha Gorichane walikuwa wakiulizana swali hilo wiki nzima, dukani, kwa kinyozi, hata makaburini walikokwenda kung'oa magugu. Ila hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe. Mimi sikujua kwamba halikuwa swali la kumuuliza. Mjomba Raif aliacha nyundo hewani, akanitazama kama vile nimemkanyaga kidole, kisha akasema:

"Toka hapo chini, kigae kitakuangukia."

Nikatoka. Hakuna kigae kilichoanguka. Alimaliza safu mbili, akashuka, akanywa chai ya mama akiwa amesimama, akaenda zake na ngazi begani.

Si mjomba wangu wa damu. Ni jirani, ukuta kwa ukuta, na watoto wote wa mtaa wa juu tunamwita hivyo. Ni mfupi, mpana, mikono kama makoleo, na anaogopa mbwa, hata wale wadogo wa kubebwa. Kazi yake ni mapaa. Anasema paa bovu halitazamwi, linasikilizwa. Basi utamkuta mvua ikinyesha amesimama barabarani, kofia mkononi, anasikiliza nyumba ya mtu. Na hawezi kukaa mezani bila kugonga kitu. Mkewe, shangazi Gulsum, wageni wakija huficha vijiko kwanza, halafu ndipo anawakaribisha.

Maana Raif ni mpiga ngoma. Kwetu, ukisema mpiga ngoma, unamsema yeye.

Ngoma yake ni kubwa kama pipa la kabichi ya siki. Inaning'inia begani kwa mkanda na ina ngozi pande mbili. Upande wa kushoto hupigwa kwa ufito mwembamba, nao unalia haraka haraka, tiki-tiki-tiki, bila kupumzika. Upande wa kulia hupigwa kwa mkwiro mnene wa mti mgumu, uliopinda kichwani kama goti la kuku. Huo ukilia, tumbo lako linajua kabla ya masikio. Siku ya Hidrelez, tarehe sita Mei, ambayo majirani zetu Wakristo wanaiita Siku ya Georgi na kuichinjia kondoo kama sisi, kunakuwa na mieleka kwenye majani chini ya shule. Mwanamieleka anapoingia, mkwiro ndio unaomkaribisha. Dum! Kila mmoja na dum yake. Kabla ya hapo yeye ni mtu tu aliyevaa suruali ya ngozi na kujimwagia mafuta.

Zamani ngoma hiyo haikuwa peke yake. Kwa miaka ishirini na miwili ilikwenda na zumari la Basri. Sikuwahi kulisikia, lakini babu alikuwa akisema Basri akivuta pumzi moja unaweza kwenda nyumbani, ukafunga mbuzi, ukarudi, ukamkuta bado yuko kwenye sauti ile ile. Basri alikuwa pia na karakana ndogo ya matairi kwenye njia ya kwenda mjini Razgrad. Hiyo ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa miaka ile ambayo mimi sijazaliwa, wanamieleka walipoacha mieleka. Kumbi za mazoezi zilifungwa, wakawa vijana wenye shingo nene wasio na kazi, na watu fulani wa mjini wakawapa kazi: kupita kwenye maduka na karakana, kusema, "Tutakulinda." Asiyetaka kulindwa aliona moto. Basri hakutaka kulindwa. Akaja Sunay, mtoto wa kijiji hiki hiki, miaka kumi na tisa, ambaye Basri mwenyewe alikuwa amempigia zumari alipotwaa kondoo wake wa kwanza wa ushindi wa mieleka. Wakamshika Basri wawili, wa tatu akiwa Sunay na spana ya magurudumu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Daktari wa Razgrad aliviunga, vikaungika vibaya.

Zumari lina matundu saba juu na moja chini. Huwezi kulidanganya kwa vidole viwili.

Sunay alifungwa miaka tisa, kwa hilo na kwa mengine. Alipotoka akaenda Uhispania kubeba matofali, na alirudi majira ya baridi ya mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, mamake alipopooza. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Alikuwa akimbeba mamake mgongoni kumtoa nje aote jua, wote tulimwona. Na mwezi wa nne akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Stoyko, akaandikisha jina lake kwa mieleka ya Hidrelez.

Hapo ndipo kijiji kilipochemka. Kwa sababu, nisifiche, kondoo wa zawadi alikuwa amekwenda kijiji cha Drenak miaka saba mfululizo. Nilikuwa kwenye foleni ya mkate nikasikia haya kwa masikio yangu:

"Miaka saba! Drenak! Watu wasiojua hata kuchoma pilipili!"

"Kwa hiyo tumshangilie mvunja vidole?"

"Mimi sishangilii vidole, dada. Nashangilia mieleka."

"Kamwambie Basri hivyo."

"Kifungo si alimaliza?"

"Kifungo alimaliza. Vidole vya Basri vimemaliza?"

"We mama Ayten, ukiwa na huruma hivyo mbona siku ya mpira unamshangilia yule golikipa wenu aliyegonga mtu akakimbia?"

"Yule alimgonga mtu wa mbali!"

Foleni nzima ikacheka, hata mama Ayten mwenyewe, halafu mara moja ikanyamaza, kwa sababu kengele ya mlango ililia na aliyeingia alikuwa Basri. Mrefu, mkavu, koti lile lile la kijivu, mkono wa kulia mfukoni. Sijawahi kuona watu wazima wakipenda mikate kiasi kile. Kila mtu aliutazama wake.

Raif na Basri hawakuacha kuwa marafiki, usifikiri. Kila Ijumaa baada ya sala Basri alikwenda kwa Raif, wakacheza dado uani, Basri akirusha kwa mkono wa kushoto. Walizungumza kila kitu. Magoti ya Basri, binti wa Basri aliye Ujerumani, ukungu kwenye nyanya. Jambo moja tu hawakuligusa, kwa miaka kumi na saba. Na Basri hakukanyaga tena kwenye mieleka. Siku ya Hidrelez alifunga madirisha ya upande wa shule, na Raif alipita mbele ya nyumba yake na ngoma mgongoni bila kuigonga hata kidogo. Alipiga na wapiga zumari wa kukodi kutoka mjini, kila mwaka kijana mpya, na kila mwaka alirudi nyumbani akilalamika kwamba kijana anapumua kama baiskeli.

Shangazi Gulsum ndiye aliyetusimulia, akiegemea ukuta wa uani, kwamba wiki ile Raif hakulala. Bwana Stoyko alikuwa amekuja kwao.

"Raif, kaka yangu, mwaka huu utapiga kama kawaida, sivyo?"

"Kawaida ni nini?"

"Usinifanyie hivyo. Kila mtu na dum yake, ndiyo kawaida. Maana kama kuna tatizo, naweza kumwita mpiga ngoma wa Drenak."

"Mwite. Na umwambie aje na ngazi, maana paa la ofisi yako linavuja na mimi nimekuwa kiziwi ghafla."

Bwana Stoyko aliondoka bila kumaliza chai. Lakini Raif alibaki amekaa, na kitu kilichokuwa kinamtafuna hakikuwa Stoyko. Kama angempigia Sunay mkwiro, ni kama kumwambia Basri kwamba vile vidole havikuwa kitu. Angempoteza. Kama asingempigia, watu elfu wangegeuka kumtafuta Basri yuko wapi, na jambo alilolifunga Basri kwa miaka kumi na saba lingefunguliwa na ngoma yake, hadharani, kwenye sikukuu. Angempoteza vile vile.

"Si umuulize mwenyewe?" shangazi alimwambia.

"Nimuulize nini? Basri, samahani, naomba ruhusa nimshangilie aliyekuvunja? Mke wangu, umepata homa?"

Ijumaa ile wakacheza dado. Wakazungumza habari za maharage.

Siku ya Hidrelez iliamka na jua na harufu ya kondoo wa kuchoma mtaa mzima. Nilikwenda na mama, nikapata mbegu za alizeti kwenye koni ya gazeti, tukakaa kwenye majani karibu na wapiga muziki, kwa sababu mimi nilipenda kuona ngoma ikitetemeka. Raif alikuja kwa kuchelewa. Akaivaa ngoma. Akatoa ufito. Kisha akasimama, mkono wa kulia mtupu.

"Mkwiro uko wapi?" aliuliza kijana wa zumari.

"Nimesahau nyumbani."

"Umesahau mkwiro? Wewe?"

"Kwani mimi ni malaika? Puliza huko."

Akaanza na ufito peke yake. Ndipo nilipoelewa, au niliposema moyoni kwamba nimeelewa: kwa kuwa hakutaka kumpigia mmoja, wala kumnyima mmoja, aliamua kuwanyima wote. Watoto waliingia kupambana kwa tiki-tiki-tiki. Vijana wa daraja la kati, tiki-tiki-tiki. Wanamieleka waliingia wakasimama pembeni ya duara, mguu mmoja hewani, wakingojea dum yao kama mtu anayengojea kupiga chafya, haikuja, wakaingia hivyo hivyo na aibu. Watu wakaanza.

"Raif! Hiyo ngoma au cherehani?"

"Mpeni mjomba uji, hajala huyo!"

"Anatwanga vitunguu saumu!"

Watu wa Drenak ndio waliofurahi zaidi. Walikuwa wakipiga makofi ya kidole kimoja. Raif alitazama majani tu. Masikio yake yalikuwa mekundu kama pilipili, na bado alipiga tiki-tiki-tiki, kwa ustadi wote, kama mtu anayeandika kwa mwandiko mzuri kitu asichokitaka.

Halafu nilimwona akiinua kichwa, na uso wake ukabadilika. Nikageuka. Nyuma ya watu, karibu na uzio wa shule, alikuwa amesimama Basri. Koti la kijivu, mkono mfukoni. Sijui nani alimwona kabla yangu, lakini mnong'ono ulikwenda duara zima na kurudi. Basri alisikiliza kidogo. Alikunja uso, kama Raif anavyokunja anaposikia paa bovu. Kisha akageuka akaondoka.

Ufito ulikosea. Mara moja tu, tiki moja ilikosekana, sidhani kama mtu mwingine alisikia. Nilikuwa karibu. Raif aliufuata mgongo wa Basri kwa macho mpaka ukapotea penye kona ya zahanati, na nilidhani atavua ngoma amkimbilie. Hakuvua. Mnadi alikuwa tayari anaita pambano la mwisho, la wazito, na mwaka ule walioandikishwa walikuwa wawili tu.

Wa Drenak alikuwa Plamen, miaka ishirini na mitatu, mtu kama kabati. Wa kwetu alikuwa Sunay.

Sunay aliingia. Tumbo lilikuwa limeanza kidogo, nywele zimepungua, na mafuta yalifanya kovu la begani ling'ae. Pembeni ya duara alisimama kama wote, mguu mmoja hewani, akangoja. Tiki-tiki-tiki. Alingoja zaidi ya wengine. Alimtazama Raif, Raif akatazama ufito wake. Sunay akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyepewa alichotarajia, akaingia. Akatembea ule mwendo wao wa kupepea mikono, akapiga mapaja, akagusa ardhi, midomo, paji la uso. Upande wetu wengine walipiga makofi, wengine walikaa na mikono mapajani. Mama Ayten alianza kupiga, akaacha, akajifanya anafukuza nzi. Mimi nilisahau kutafuna mbegu.

Wakashikana.

Sikujua mieleka sana, lakini hata mimi niliona kwamba Plamen ana nguvu na Sunay ana akili. Plamen alimsukuma kama anasukuma gari bovu. Sunay alirudi nyuma, akazunguka, na Plamen akajikuta anasukuma hewa. Dakika kumi. Kumi na tano. Sunay alianza kuhema mdomo wazi. Na watu hawakujua la kufanya na midomo yao. Ilikuwa mieleka mizuri kuliko yote ya miaka ile, babu alisema baadaye, na ilikuwa kimya kama mtihani. Tiki-tiki-tiki.

Ndipo Basri aliporudi.

Alikuja moja kwa moja, akipenya katikati ya watu, na watu walimpisha kama gari la wagonjwa. Mkononi, mkono wa kushoto, alikuwa na mkwiro. Alikuwa amekwenda hadi nyumbani kwa Raif, akamwambia shangazi Gulsum, "Nipe kile kilichosahauliwa," na shangazi akaushusha kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kutoka shule hadi mtaa wa juu ni mlima, na Basri ana magoti mabovu. Jasho lilikuwa likimtoka.

Akasimama mbele ya Raif, akaunyoosha.

"Umesahau kitu chako."

"Sikusahau," alisema Raif. Ufito haukusimama.

"Najua. Ningejua umesahau, ningekuachia."

"Basri, yule ni..."

"Namjua yule ni nani. Namjua kuliko wewe. Alikuja getini kwangu mwezi wa pili, amesimama kwenye theluji, akasema aliyoyasema. Nikamwambia arudi alikotoka."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Raif akageuka kutazama uwanjani, Sunay alikokuwa akihema.

"Vidole ni vyangu, Raif," Basri alisema, kwa sauti ndogo, lakini nilikuwa hatua nne tu. "Si vyako. Miaka kumi na saba umenibebea kama jeneza, na mimi nimenyamaza kwa sababu nilidhani wewe ndiye hutaki kulisema. Nimefunga madirisha, ndiyo. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya hao vijana wako wa zumari! Nikiwasikia nasikia uchungu wa jino. Lakini ngoma yako nilikuwa naisikia hata dirisha likiwa limefungwa, na leo nimefungua, nikasikia... hiki ni nini? Unapiga nini? Unakuna tumbo la paka?"

"Nilidhani..."

"Yule mtu sitamsalimia mpaka nife. Na mieleka bila mkwiro siwezi kuitazama. Haya, shika, mkono umechoka."

Raif aliuchukua. Akauinua.

Dum!

Mbegu ziliruka kwenye koni yangu, nawaambia ukweli. Dum! Plamen mwenyewe aligutuka. Dum! Na ikawa kama mtu aliyetoa kizibo: duara zima likapiga kelele kwa pamoja, wa kwetu na wa Drenak, kelele zisizo na maneno, zilizokuwa zimebanwa saa mbili. Sunay alikuwa chini ya kifua cha Plamen, karibu kulazwa. Sijui kama ni ngoma au ni nini, alijikunja, akatoka kwa pembeni kama samaki, akamkamata Plamen kwa nyuma ya mkanda.

"Mkono wa ndani!" mtu alipaza sauti juu ya kichwa changu. "Mkono wa ndani, mjinga wee! Ingiza! Ingiza!"

Alikuwa Basri. Mkono wa kulia ulikuwa umetoka mfukoni, uko hewani, na vile vidole vitatu vilivyopinda vilikuwa vinamwonyesha Sunay namna ya kushika. Alipojiona akaushusha haraka, akatazama kama kuna aliyeona. Tuliona wote. Raif aliona. Mkwiro ukaongeza kasi.

Ningependa kusema Sunay alishinda. Hakushinda. Aliingiza mkono wa ndani, akamwinua Plamen, kabati zima, miguu hewani, na kijiji chote kikasimama. Kisha mguu wake wa kushoto ukateleza kwenye majani yenye mafuta, wakaanguka pamoja, na mgongo uliogusa chini kwanza ulikuwa wa Sunay. Kondoo akaenda Drenak mwaka wa nane. Babu alisema tuliitafuna dhamiri yetu wiki nzima kwa ajili ya nyama ambayo hatukuila, akacheka mpaka akakohoa.

Kwa desturi mdogo hubusu mkono wa mkubwa, kwa hiyo Plamen aliyeshinda akainama akabusu mkono wa Sunay. Halafu wote wawili huja kwenye ngoma na kuigusa kwa kiganja kabla ya kwenda kuoga. Plamen akagusa, akaenda kwa kondoo wake. Sunay akaja. Akamwona Basri amesimama pale pale, bega kwa bega na ngoma. Akasimama. Mafuta na jasho vilikuwa vinamdondoka.

Akagusa ngoma. Alikuwa ameshageuka Basri alipoongea, akitazama kwingine, kuelekea uzio:

"Mguu wa kushoto. Uliuacha nyuma."

"Ndiyo, mzee," Sunay alisema.

"Hata ukiwa na miaka kumi na nane ulikuwa unauacha nyuma."

"Ndiyo, mzee."

Basi. Sunay akaenda kumchukua mamake, aliyekuwa kwenye kiti chini ya mti wa mlozi, akambeba akiwa bado na mafuta, na yule mama akamkaripia kwamba anamchafulia kitambaa. Basri akaurudisha mkono mfukoni. Na Raif akavua ngoma, akaiweka kwenye majani, akakaa juu ya majani karibu yake, akapumua pumzi ndefu, ndefu kweli, kama zile babu alizokuwa akizisema za zumari. Kisha akaanza kucheka peke yake. Shangazi Gulsum alipofika alimkuta hivyo, akamuuliza amekunywa nini.

Tangu siku ile Basri huja kila mwaka. Husimama kando ya ngoma na kuwasumbua vijana wa zumari: shavu hilo, kidole hicho, unapumua kama baiskeli. Mmoja kutoka Razgrad sasa anakuja kwake Jumamosi kufundishwa. Basri anamwimbia sauti na yule anatafuta matundu. Sunay alipambana mara mbili zaidi, akashindwa mara zote mbili, akaacha. Anafuga nyuki. Watu wa kijiji chetu wengine wanamsalimia na wengine hawamsalimii, na wote wananunua asali yake, isipokuwa nyumba ya Basri na nyumba ya Raif.

Mimi nina miaka kumi na saba sasa. Vuli hii barafu haijaja bado lakini upepo umetuvunjia vigae, na Mjomba Raif alikuwa juu ya paa letu tena, mzito kidogo, ngazi ikilia chini yake. Nilimpelekea chai. Nikasimama pale pale uani. Nikamwambia, mjomba, kuna swali nilikuuliza zamani ukaniambia kigae kitaniangukia.

"Nakumbuka," alisema. "Wewe peke yako uliniuliza. Nilitaka kukurushia nyundo."

Akaweka kigae, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Nilimpigia," akasema. "Na kesho yake nilikutana naye dukani, sikumsalimia, na mpaka leo simsalimii. Kabla ya siku ile nilidhani mtu akiyabeba yote mawili atapasuka. Nimeyabeba miaka minane, sijapasuka, nalala vizuri, muulize Gulsum jinsi ninavyokoroma. Haya, toka hapo chini sasa, safari hii kweli kuna kigae kimelegea."